Maksai, plau na yangeyange: jinsi ya kuchora shamba la Kano kwa rangi za maji

Maswali ninayoulizwa kuhusu rangi za maji ni yaleyale kila mara. Ninunue rangi zipi? Mbona kijani changu kinaumiza macho? Mbona picha ilikuwa imekolea ikiwa mbichi, na ilipokauka ikapauka? Mbona ng'ombe wangu anafanana na mbwa? Badala ya kumjibu kila mtu peke yake, nimeandika mwongozo wa picha moja tu, kuanzia karatasi tupu hadi sahihi: maksai wawili wakivuta plau kwenye uwanda wa Kano, magharibi mwa Kenya, kati ya Kisumu na Ahero, asubuhi, milima ya Nandi ikiwa nyuma. Ukiimudu hii, shamba la chai la Nandi Hills au la ngano kule Njoro halitakushinda.

Jambo moja kwanza. Wengi wetu tunajifunza kwa video za wachoraji wa Uingereza na Marekani. Mbinu zao za brashi ni nzuri, zifuate. Lakini usichukue rangi zao wala vivuli vyao. Ikweta inakatiza barabara ya Kisumu kwenda Busia pale Maseno. Saa sita mchana jua letu liko utosini, na mwezi wa Machi na wa Septemba kivuli cha mtu kinakaribia kuishia miguuni pake. Ukitia kivuli kirefu cha jioni ya Uingereza kwenye shamba la adhuhuri la Ahero, mtazamaji atahisi kuna uongo mahali hata kama hataweza kuuonyesha kwa kidole. Picha ya uhalisia haisimami kwa kuhesabu kila jani. Inasimama mwanga ukikaa panapostahili.

Unachohitaji kabla ya kuanza

Karatasi ndiyo ya kutumia pesa. Tafuta karatasi ya rangi za maji yenye uzito wa gramu 300 kwa mita mraba, ya pamba asilimia 100 ukiweza. Karatasi kubwa ya sentimita 56 kwa 76 ukiigawa sehemu nne sawa unapata vipande vya 28 kwa 38, na hicho ndicho kipimo tutakachotumia. Manila na karatasi za kuchorea za shule ziache: zinajikunja, zinatoa nyuzi, na utadhani wewe ndiye hujui. Heri karatasi nzuri na rangi za bei nafuu kuliko kinyume chake.

Rangi sita zinatosha. Majina hubadilika kutoka kampuni moja hadi nyingine, kwa hiyo soma alama ndogo iliyochapishwa kwenye tyubu, inayotaja rangi halisi iliyo ndani:

- Buluu ya altramarini, PB29.
- Sienna iliyochomwa, PBr7 au PR101. Chunguza rangi yenyewe kwenye lebo, kwa maana alama PBr7 iko pia kwenye kahawia nyingine. Unayoitaka ni ile ya kutu.
- Oka ya njano, PY42 au PY43.
- Manjano angavu, PY3 au PY154.
- Waridi, PV19.
- Nyekundu ya udongo, PR101. Ikiwa sienna yako tayari ni PR101, tafuta hapa iliyokolea wekundu zaidi.

Jihadhari na nyekundu yenye alama PR83. Ni nzuri siku unapoipaka, lakini hufifia kwenye mwanga. Nyeusi ya tyubu iache dukani. Altramarini na sienna iliyochomwa, kila moja ikiwa nzito, zinakupa giza lenye uhai ambalo unaweza kulisukuma upande wa joto au wa ubaridi.

Brashi tatu: ya duara namba 10 yenye ncha nzuri, ya duara namba 6, na moja bapa ya upana wa sentimita 3 hivi. Ongeza brashi moja iliyochakaa kwa kazi chafu. Kisha ubao mwepesi, tepu ya karatasi (ile ya mafundi wa rangi za nyumba), penseli ya HB, kifutio laini, sahani mbili nyeupe za kuchanganyia, tishu, kipande cha mshumaa, chupa ya kunyunyizia maji, na mikebe miwili ya maji. Mkebe mmoja wa kusuuzia, mwingine wa maji safi. Kuna wanaojaribu na mmoja tu, halafu wanashangaa manjano yao yametoka wapi na rangi ya maji ya bwawa.

Na kipimo cha uzito wa rangi, ambacho nitakirudia hadi mwisho: chai ya rangi, maziwa, uji. Chai ya rangi ni maji mengi na rangi kidogo, kwa anga na vitu vya mbali. Maziwa ni kwa miti na udongo. Uji mzito ni kwa giza la mwisho. Kila tabaka jipya liwe zito kuliko lililo chini yake, hasa kama la chini bado lina unyevu.

Kazi yenyewe

1. Pata mandhari, na uombe ruhusa. Nenda kati ya saa moja na saa tatu asubuhi. Kwenye uwanda wa Kano ukitazama kaskazini, milima ya Nandi inasimama mbele yako na jua linakupiga kutoka kulia, kwa hiyo kila ng'ombe ana upande wa mwanga na upande wa kivuli. Hilo ndilo tunalolitaka. Usielekeze simu shambani kwa mtu kabla ya salamu. "Habari ya asubuhi, mzee. Mimi ni mchoraji, naomba kuchora ng'ombe wako wakilima." Mara nyingi utaulizwa picha itakwenda wapi, na ni haki yao kuuliza. Wengine watakataa, shika njia, mashamba ni mengi. Msimu mzuri ni Februari na Machi, watu wanapolima kungojea mvua za masika.

Ukipiga picha kwa simu, piga mbili: moja ukigusa anga kwenye kioo ili mawingu yaonekane, nyingine ukigusa tumbo la ng'ombe ili kivuli kisiwe shimo jeusi. Simu haioni kama jicho. Vivuli inavifanya vyeusi, anga inaifanya nyeupe, na anayenakili picha moja ya simu ananakili makosa yote mawili.

2. Chora kijipicha cha toni tatu. Chukua penseli na kipande cha karatasi ukubwa wa kiberiti. Gawanya mandhari yako katika mwanga, wastani na giza tu, bila kitu kingine. Kwa picha hii: anga, migongo ya maksai na yangeyange ni mwanga, milima na shamba lisilolimwa ni wastani, maksai upande wa kivuli, ua wa minyaa na udongo uliopinduliwa sasa hivi ni giza. Ikiwa kijipicha hakieleweki ukikitazama kutoka hatua tatu, karatasi kubwa haitakiokoa. Ukitatizika, geuza picha ya simu iwe nyeusi na nyeupe uone toni bila rangi kukudanganya.

Usiweke maksai katikati kabisa. Waweke kidogo kushoto, wakielekea kulia, ili wawe na mahali pa kwenda. Mstari wa upeo uwe juu ya nusu ya karatasi, kwa sababu hadithi iko kwenye udongo.

3. Bandika karatasi. Tepu pande zote nne, ishike karatasi kwa nusu sentimita, ukiikandamiza kwa kucha. Weka kitabu chini ya upande wa juu wa ubao ili rangi iteremke polepole. Kaa kivulini. Karatasi nyeupe juani inakupofusha, unachanganya rangi nyepesi mno au nzito mno, na jua la Kisumu la Januari au Februari linakausha tabaka kabla hujafika nusu ya anga.

4. Chora kwa penseli, kwa mkono mwepesi. Anza na maumbo makubwa. Mwili wa ng'ombe ni sanduku refu. Liweke kwanza, kisha shingo, kisha kichwa, miguu mwisho. Hapa ndipo ng'ombe wanapogeuka mbwa, kwa hiyo tusiharakishe.

Maksai wa huku wengi ni zebu au wana damu ya zebu. Wana nundu juu ya mabega, na ngozi inayoning'inia kutoka kidevuni hadi kifuani. Nira inakaa shingoni mbele ya nundu, na nundu ndiyo inayoizuia isirudi nyuma. Ukiichora nyuma ya nundu, mkulima yeyote atakucheka. Ng'ombe anayevuta anainamisha kichwa hadi kiwe usawa wa mgongo au chini yake. Aliyeinua kichwa amesimama. Mguu wa nyuma una kiungo kinachochomoza kwa nyuma, karibu katikati ya urefu wa mguu, na watu wengi hukisahau. Mguu wa mbele unakunjika kwa mbele. Na ng'ombe ana pembe mbili, masikio mawili, masikio yakiwa chini ya pembe, yakitoka kwa ubavuni. Yaangalie kabla ya kuyachora, usiyatoe kichwani.

Wachore maksai wawili kama umbo moja lenye miguu minane, si wanyama wawili waliokatwa na kubandikwa. Wa mbali aonekane kwa kichwa, mstari wa mgongo na miguu michache tu.

Mara nyingi utakuta watu watatu: anayewaongoza mbele, mwenye fimbo ubavuni, na mwenye plau. Kwa picha ya kwanza chora wawili, wa mbele na wa plau. Mwenye plau hasimami wima. Uzito wake uko mikononi na mguu mmoja umezama kwenye mfuo.

5. Linda weupe. Kwa rangi za maji, nyeupe yako ni karatasi yenyewe. Amua sasa itabaki wapi: mstari mwembamba juu ya migongo ya maksai, ukingo wa paa la mabati, bega la mkulima, na yangeyange. Hao ndege weupe hufuata plau kwa sababu udongo ukipinduliwa wadudu wanatoka, na hakuna njia rahisi kuliko hiyo ya kumwambia mtazamaji kwamba plau inatembea. Wawili au watatu wanatosha, kwa ukubwa tofauti, wasijipange.

Unaweza kuzunguka umbo la ndege kwa brashi, au kupaka gundi ya mpira ya kuzuia rangi. Ukitumia gundi, chovya kwanza brashi ile chakavu kwenye sabuni ya kipande, la sivyo nywele zake zitashikana moja kwa moja. Usiiache gundi karatasini juani wala kwa siku nyingi, itang'oka na ngozi ya karatasi. Mshumaa ni wa bei nafuu zaidi: sugua ncha yake kwenye mgongo wa ng'ombe au kwenye shamba la mbali, na rangi itaruka hapo. Ila nta haitoki tena, na kitakachobaki ni doa lenye mikwaruzo. Kwa udongo mkavu ni kitu kizuri. Kwa ndege, hapana.

6. Anga na milima, kwa mkupuo mmoja. Lowesha anga kwa maji safi kwa brashi bapa, ukiacha maboma na maksai. Karatasi ikianza kupoteza mng'ao wa maji, tandaza altramarini ya uzito wa chai ya rangi kutoka juu, ikififia kuelekea milimani, na karibu na milima ongeza tone la oka iliyozimuliwa sana kwa maji. Mawingu ni sehemu ulizoziacha. Usirudi kurekebisha.

Anga ikiwa na unyevu bado, lakini haing'ai, weka milima ya Nandi: altramarini na waridi kidogo, uzito kati ya chai na maziwa. Ukingo wa juu utalainika wenyewe, na ndivyo milima ya mbali ilivyo asubuhi. Chini, mahali milima inapokutana na uwanda, iache ififie. Ukiona kichaka juu ya mlima usikichore. Kausha kabisa. Kausha kweli: gusa karatasi kwa mgongo wa mkono, ikiwa ya baridi bado ina maji.

7. Miti, ua na boma. Sasa tuje kwenye kijani, ambacho kinaharibu picha nyingi kuliko kitu kingine chochote. Usitoe kijani kwenye tyubu. Changanya mwenyewe, na kila mmea upewe kijani chake:

Majani machanga ya mgomba: manjano angavu nyingi, altramarini kidogo sana, uzito wa chai. Mgomba mzee: ongeza sienna hadi kijani kianze kuchoka. Mkaratusi: altramarini zaidi, oka badala ya manjano, na chembe ya waridi ili uwe wa kijivujivu. Ua wa minyaa: altramarini, manjano na sienna, uzito wa maziwa mazito, kwa sababu ndio giza letu la nyuma. Nyasi zilizokauka za Februari hazina kijani kabisa; ni oka na sienna, na kijani unachokiona hapo kiko kichwani mwako tu. Ikiwa huna hakika, sogeza mchanganyiko upande wa kahawia. Sijawahi kuona picha ya shamba iliyoharibiwa na kijani kilichotulia.

Paa la mabati huakisi anga. Acha nyeupe upande wa jua, pitisha altramarini nyepesi upande mwingine, na rangi ikiwa mbichi dondosha sienna ya uzito wa maziwa kwenye ukingo wa chini, iteremke yenyewe kufuata mikunjo. Hiyo ndiyo kutu. Watu hujaribu kuchora kila mkunjo wa bati kwa rula. Mitatu au minne inatosha, iliyobaki jicho litaimalizia.

8. Udongo. Hapa chukua muda wako. Udongo wa Kano ni mweusi wa mfinyanzi, unaopasuka ukikauka na kunata ukilowa. Shamba ambalo plau haijafika si jeusi, ni kijivu cha kahawia kilichopauka: oka, sienna na altramarini, uzito wa chai, kwa brashi bapa, ukiacha nafasi nyeupe hapa na pale. Kabla halijakauka, nyunyizia maji mara moja kwa chupa kutoka mbali. Altramarini ina chembechembe zinazotulia kwenye mashimo ya karatasi, nazo zitakupa ukali wa ardhi bila jasho.

Likikauka, chukua altramarini na sienna ya uzito wa maziwa kwa udongo uliopinduliwa. Laza brashi namba 10 ubavu, ikamulie kwenye tishu hadi ibaki na unyevu kidogo, kisha iburute haraka kufuata mfuo. Itashika vilima vya karatasi na kuruka mabonde. Mbinu hii ya brashi kavu ndiyo Mmarekani Andrew Wyeth (1917–2009) aliitumia sana alipochora mashamba ya Pennsylvania, na inafaa udongo kuliko maelfu ya nukta. Bonge la udongo lina sehemu tatu: juu, panapong'aa kidogo kwa buluu ya anga, ubavu wa kushoto wenye kivuli, na kivuli chake chini. Chora hivyo mabonge matano au sita karibu na miguu ya mkulima. Yaliyo mbali yawe mistari tu. Mifuo isogeleane kadiri inavyokwenda mbali, na yote ielekee mahali pamoja kwenye upeo. Mifuo iliyo sambamba karatasini itaisimamisha ardhi wima.

Ikiwa unachora Kakamega au Vihiga badala ya Kano, badilisha: nyekundu ya udongo na oka kwa palipokauka, nyekundu ya udongo na altramarini kidogo kwa palipopinduliwa. Wekundu wa udongo ule unatokana na oksidi ya chuma, na ndiyo hiyo iliyo ndani ya tyubu ya PR101. Hutapata rangi iliyo karibu na kitu chenyewe kuliko hiyo.

9. Maksai. Tabaka la kwanza lifunike wote wawili pamoja, isipokuwa mstari wa mwanga mgongoni. Kwa ng'ombe mwekundu: sienna na oka, uzito wa chai. Kwa mweusi: altramarini na sienna, nyepesi kuliko unavyodhani, kwa sababu hata ng'ombe mweusi juani si mweusi mgongoni. Tabaka hilo likikauka, weka kivuli kwa mkupuo mmoja unaopita tumboni, chini ya shingo, miguuni na hadi kwa ng'ombe wa pili, uzito wa maziwa. Ukingo wa kivuli kwenye ubavu ulainishe kwa brashi yenye maji safi; ukingo kwenye pembe na kwato uache mkali. Chini ya tumbo acha nuru hafifu ipande kutoka ardhini. Kwenye udongo mwekundu wa Vihiga nuru hiyo huwa nyekundu kabisa, na usipoiweka ng'ombe ataonekana kama amebandikwa. Kwenye udongo mweusi ni ndogo, lakini ipo.

Miguu iingie udongoni. Usichore kwato zote nane; mbili zizame, nyingine zifichwe na vumbi. Mnyororo kutoka nira hadi plau uchore kwa ncha ya brashi namba 6, ukikatika mahali pawili. Mnyororo usiokatika unafanana na waya wa umeme.

10. Watu. Wawe wadogo na wawe wepesi. Ngozi yetu haitoki kwenye tyubu ya kahawia. Anza na sienna nyepesi, na ikiwa mbichi dondosha altramarini na waridi upande wa kivuli. Kwenye paji la uso na begani, panapogusana na anga, acha doa dogo la karatasi na baadaye lipitishie buluu nyepesi mno. Ngozi nyeusi hung'aa kwa rangi ya anga asubuhi, na anayeipaka kahawia sawasawa anaizima. Uso hauhitaji macho kwa umbali huu. Shati jekundu au kofia ya manjano inasaidia jicho kufika pale, lakini moja tu kwenye picha nzima.

11. Vivuli vya ardhini, vyote kwa wakati mmoja. Altramarini, waridi kidogo na sienna kidogo, uzito wa maziwa, wazi kiasi cha kuonyesha udongo chini yake. Jua liko kulia, kwa hiyo vivuli vinakwenda kushoto, vyote, bila hata kimoja kukaidi. Vivuli vipite juu ya mabonge na kushuka kwenye mifuo. Kivuli kilichonyooka juu ya shamba lililolimwa kinalisawazisha tena. Vipake mara moja na uondoe mkono.

12. Giza la mwisho, kisha acha. Uzito wa uji: chini ya plau, kati ya miguu ya maksai, macho yao, pembe ya mbali, mlango wa boma. Ondoa gundi kwa kidole karatasi ikiwa kavu kabisa. Yangeyange apewe kivuli cha buluu nyepesi tumboni na doa la manjano mdomoni. Weka picha ukutani, kaa mbali, unywe chai. Ukiona jambo moja la kurekebisha, rekebisha. Ukiona kumi, saini jina na uanze nyingine.

Ikiharibika

Rangi imepauka baada ya kukauka. Rangi za maji zote hukauka zikiwa nyepesi kuliko zilivyokuwa. Changanya nzito kuliko inavyokuridhisha, na jaribu kwanza kwenye kipande cha karatasi ileile, usubiri kikauke.

Maua kama koliflawa yametokea angani. Umegusa tabaka linaloanza kukauka kwa brashi yenye maji mengi. Liache likauke, lilainishe kingo kwa brashi yenye unyevu, ufyonze kwa tishu. Mara nyingine ua linakuwa wingu zuri la mvua ya alasiri juu ya Nandi, na hakuna atakayejua.

Rangi imegeuka matope. Umechanganya rangi nne au zaidi, au umesugua tabaka la chini hadi likaamka. Rangi mbili, tatu ukilazimika. Suuza brashi kabla ya kila mchanganyiko, na ubadilishe maji mara kwa mara.

Kila kitu kimekuwa bapa. Karibu kila mara ni woga wa giza. Ongeza uji mahali palipotajwa katika hatua ya 12 tu, kabla ya kugusa kitu kingine.

Umepoteza weupe. Guashi nyeupe kidogo (rangi nzito ya maji inayofunika kilicho chini yake) itakurudishia ndege mmoja au ukingo wa bati. Usiitumie kuokoa anga nzima. Itaonekana kama chokaa.

Karatasi imejikunja. Ikikauka, lowesha mgongo wake kidogo kwa sifongo, iweke kati ya karatasi mbili safi, chini ya vitabu vizito usiku kucha.

Tepu inang'oa karatasi. Pitishia hewa ya joto ya mashine ya kukaushia nywele, kisha ing'oe polepole ukielekea nje ya picha.

Wadudu wadogo wa ziwani wamejibandika kwenye anga mbichi. Wanaochora usiku karibu na ziwa wanawajua; hufuata taa. Usiwafute rangi ikiwa mbichi, utaacha mkia wa doa kwa kila mmoja. Subiri ikauke, kisha wapangushe kwa brashi kavu. Usiku mwingine, funga dirisha kabla ya kuwasha taa.